Kwa Pikipiki Kutoka Busanza Hadi Malisho ya Karangazi



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wasomaji, katika ukurasa huu tumekuwa tukiandika zaidi juu ya tohara, swala na malezi ya watoto. Leo tunaomba ruhusa tuandike juu ya pikipiki. Wako watakaosema mwalimu wa madrasa na pikipiki wapi na wapi. Wavumilie kidogo.

Ilikuwa Jumatano moja ya mwezi wa nane mwaka 2024, likizo kubwa ya shule ikiwa bado haijaisha. Tulitoka hapa Busanza, sisi na kijana wetu wa miaka 15, juu ya TVS tuliyoazima kwa shemeji, kwenda Karangazi, wilaya ya Nyagatare, sehemu ambayo wazee mpaka leo wanaiita Umutara. Ni kiasi cha kilomita 150 kwenda, na kurudi ni hizo hizo. Mabasi yapo, lakini yanakuacha kwenye lami, na huko tulikokuwa tunakwenda lami haifiki. Tena tuseme ukweli, kijana alikuwa ameomba pikipiki tangu Idi.

Sababu yenyewe ya safari ilianza Ramadhani ya mwaka ule. Baada ya swala ya Alasiri tulikuwa tukisomesha watu wazima kitabu cha Riyaadhus Swaalihiin cha Imam Nawawi, na tukafika mlango wa toba. Humo Imam anataja masharti matatu ya toba: mtu aiache dhambi, aijutie, na aazimie kutoirudia. Kisha anasema kwamba ikiwa dhambi inahusu haki ya mja mwenzako, basi kuna sharti la nne, nalo ni kujivua na haki ya mwenyewe, ama kwa kumrudishia au kwa kumtaka radhi. Mlango huu tumeusomesha zaidi ya mara kumi. Siku hiyo mzee mmoja akauliza: "Mwalimu, na kama mwenye haki yake amehamia mbali?" Tukamjibu kwa haraka kwamba amtafute. Tulipofika nyumbani futari haikupita vizuri.

Kwani alikuwapo kijana aliyehamia mbali, na mwenye deni ni sisi.

Mwaka 2015 alikuwa mtoto wa miaka 11, akihifadhi Qur'ani kwetu, na alikuwa anakwenda vizuri. Kisha siku tatu mfululizo akakwama kwenye aya moja. Siku ya tatu tuliingia darasani tukiwa na ugomvi wetu wa kodi ya nyumba kifuani, mambo ambayo mtoto yule hakuyajua wala hayakumhusu. Tukachukua bakora. Aliweka mkono mbele kujikinga, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikavunjika. Katika ukurasa huu tumezoea kusema "sisi", lakini siku ile mkono ulikuwa mmoja, na walimu wenzetu wasibebeshwe. Mama yake, aliyekuwa mjane, alimpeleka kutibiwa, na baada ya miezi michache wakahamia kwa wajomba wa mtoto Karangazi, kwenye ng'ombe. Hatukwenda kuwaaga.

Imam mmoja wa Nyagatare alitusaidia kupata namba ya simu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Njooni", akakata.

Basi tukatoka saa kumi na mbili kasorobo, baada ya Alfajiri, ndege ya kwanza ikiwa inapaa Kanombe juu ya mabati yetu. Tulisoma dua ya kupanda chombo, ile iliyomo katika Suratuz Zukhruf, aya ya 13 na ya 14, na kijana akaisoma nyuma yetu ndani ya kofia ngumu, sauti ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Wengi wetu tunaisoma garini kwa mazoea. Ukiwa juu ya pikipiki ya kuazima, na roho mbili juu ya tairi mbili, unaisoma ukiwa umeielewa.

Mpaka Kabuga barabara ni ya mjini bado: malori, akina mama na ndizi zao, na wenzetu motari wanaokupita kana kwamba wanafukuzwa. Tulikwenda polepole. Kwanza kwa sababu ya uzima, na pili kwa sababu ya zile kamera za barabarani ambazo watu wameziita Sofia, ambazo hazina shemeji wala hazijui ustadh. Baada ya Kabuga kijana akatugonga bega: "Baba, sasa sisi ni wasafiri?" Tukamwambia ndiyo. Msafiri anaanza hukumu za safari akishaacha majengo ya mji wake, madhali safari yake inafika masafa yanayotakiwa, ambayo kwa madhehebu yetu ya Shafii ni kilomita 80 na ushei, na iwe si safari ya maasi. Dhuhuri, Alasiri na Isha zinakuwa rakaa mbili mbili. Maghribi ni tatu popote ulipo. Alifurahi kama aliyepewa zawadi, na ndivyo ilivyo, ni sadaka kutoka kwa Mola.

Rwamagana tulipita bila kusimama. Kayonza tulikunywa chai ya maziwa, na tukajinyoosha migongo, maana kiti cha TVS kimetengenezwa kwa safari ya Remera na kurudi. Hapo njia panda, mkono wa kulia unakwenda Rusumo mpaka wa Tanzania, na ukinyoosha kaskazini unakwenda Kagitumba mpaka wa Uganda. Barabara yote hii kutoka mpaka hadi mpaka ni kilomita 208, na imekarabatiwa vizuri miaka ya karibuni. Sisi tukashika ya kaskazini. Mara Ziwa Muhazi likajitokeza kushoto chini ya kilima cha Gahini, jembamba, limetulia, na moshi wa asubuhi bado umelala juu ya maji. Hapo kijana aliacha kuongea, na yeye si mtu wa kuacha kuongea.

Wasomaji wa Kigali wengi wetu tunaijua Rwanda ya migomba. Kilima kinapanda ghafla, kimelimwa mpaka utosini, nyumba juu ya nyumba. Ukipita Kiramuruzi na Kabarore unaona nchi inaanza kubadilika bila kukuaga. Migomba inapungua. Vilima vinalegea, vinakuwa vipana na vya mviringo kama migongo ya ng'ombe waliolala, kimoja nyuma ya kingine mpaka macho yanachoka. Mwezi wa nane ni kiangazi, kwa hiyo majani yote ni ya rangi ya simba, isipokuwa mabondeni ambako kuna mstari wa kijani, na hapa na pale weusi palipoungua. Migunga imesimama mmoja mmoja, bapa juu. Upepo hauna cha kuuzuia. Unakuja kutoka mashariki, unaisukuma pikipiki ubavuni, nawe unajifunza kuegemea upande wake kidogo.

Tulisimama baada ya Gabiro, tukazima injini. Kwa muda hatukusikia kitu, kisha tukasikia kengele ya ng'ombe mbali sana, na kwenye unyevu wa bondeni walikuwako korongo wenye taji, wale tunaowaita imisambi, wawili wawili, wakitembea taratibu kama wazee wanaotoka Ijumaa. Kijana akauliza simba wako wapi. Tukamwonyesha mashariki, kwenye hifadhi ya Akagera.

Hapa tulimsimulia kidogo, na tunawasimulia nanyi, kwani watoto wetu wanajua ligi za Ulaya kuliko nchi yao. Hifadhi ile iliwekwa mwaka 1934, zama za Wabelgiji, na zamani ilikuwa kubwa sana kuliko leo. Baada ya mwaka 1994 walirudi wale waliokimbia tangu 1959, na watoto wao waliozaliwa ugenini, wengi wakitokea Uganda na makundi ya ng'ombe. Watu walihitaji ardhi na ng'ombe walihitaji majani. Mwaka 1997 sehemu kubwa ya hifadhi ikakatwa, zaidi ya nusu, ikawa makazi na malisho. Vilima tulivyokuwa tumesimama kuvitazama vina historia hiyo. Simba nao wakaisha, kwani mfugaji hawezi kukaa na simba zizini. Mwaka 2013 ukakamilika uzio wa kilomita 120 upande wa magharibi wa hifadhi, na mwaka 2015 wakaletwa simba saba kutoka Afrika Kusini. Leo simba wako upande wao na ng'ombe upande wao. Kijana aliridhika nusu. Alitaka kumwona.

Kabla ya Ryabega tukaiacha lami, tukaingia mkono wa kulia. Hapo ndipo tulipojua kuendesha ni nini. Vumbi jekundu, laini kama unga, na chini yake mawe. Gia ya pili, ya kwanza, ya pili. Kwenye mteremko mmoja tairi la nyuma lilitaka kwenda peke yake, na tukashuka miguu yote miwili chini. Viatu vyeusi vya Ijumaa tulivyovaa kwa ajili ya heshima vikawa vyekundu. Kila baada ya muda tulipishana na vijana wa huko waliobeba madebe ya maziwa nyuma ya pikipiki, mawili matatu, wakienda kwenye kituo cha kukusanyia. Wanapita kwenye mawe yale kama wako sebuleni. Mmoja alisimama kutuelekeza, akamtazama kijana wetu aliyejaa vumbi mpaka kope, akacheka, akatumiminia maziwa kwenye kifuniko cha debe. Wallahi hatujawahi kunywa maziwa kama yale.

Mashamba ya huko yamezungushiwa minyaa, ule mti wa utomvu mweupe, kama ua. Unapita katikati ya kuta mbili za kijani, kisha ghafla ua linakatika na kilima kizima kinafunguka mbele yako na ng'ombe mia. Tulifika kwenye geti la miti saa tano na robo.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Alitupokea salamu, akampa kijana wetu maji ya kunawa, na sisi akatuonyesha benchi. Mwanafunzi wetu alikuja kutoka birikani, mrefu kuliko sisi, viatu vya mpira miguuni na fimbo begani. Alitoa mkono wa kulia. Kidole cha shahada hakinyooki. Kimepinda kwenye kiungo cha pili, na unapomshika mkono unakihisi kiganjani mwako.

Tulikuwa tumejiandaa maneno tangu Rwamagana. Yalitoka machache. Tulisema tumekosa, tulimpiga kwa hasira isiyomhusu, tulimwachia kilema, na tumekuja kumtaka radhi yeye na mama yake. Kijana wetu alikuwa amekaa pale pale, anasikia. Tulikuwa tumefikiri kumtuma nje akaangalie ndama, lakini tukaona aliyekuja na sisi asikie.

Mwanafunzi akajibu upesi, macho yako kwa ng'ombe: "Mwalimu, nimesamehe zamani. Mimi hata nilisahau."

Mama akasema kwa Kinyarwanda, bila kupandisha sauti: "Usimjibu kwa heshima. Mjibu kwa ukweli."

Wazazi wenzetu, mkisikia mtoto anasema "nimesamehe" mbele ya mwalimu, mkumbuke neno la mama huyu. Sisi tulikuwa tayari tumeanza kusema Alhamdulillah.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba kidole hakikumuuma sana kama mti. Tukauliza mti gani. Akasema: "Mlipoulizwa na wazazi wengine, mlisema nimeanguka kwenye mti wa parachichi. Watoto wakawa wananiita Parachichi. Nikawaambia sikupanda mti, wakasema mwalimu hawezi kusema uongo."

Ndugu wasomaji, hilo la mti tulikuwa tumelisahau kabisa. Tulikumbuka bakora, tukaibeba miaka tisa, tukadhani ndilo deni lote. Uongo tuliosema katika dakika moja ya kujihami mlangoni mwa darasa ulikuwa umetutoka moyoni siku ile ile, kumbe ndio uliomtoa mtoto darasani. Mama alikuwa amepanga kubaki Kigali mpaka mwisho wa mwaka. Mtoto ndiye aliyekataa kurudi.

Tulimkumbuka Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi toka utotoni, na akasimulia kwamba hakuwahi kusikia hata neno la kumkemea. Hadithi hii tunawasomesha watoto ili wampende Mtume. Mwanafunzi wetu huyu aliisoma kwetu.

Tukamuuliza anataka tufanye nini. Akafikiri, akasema: "Semeni ukweli pale pale mliposema vile."

Tulikuwa na bahasha, kiasi tulichokadiria kuwa gharama ya matibabu. Tulimpa mama kwa mikono miwili, tukitarajia, tuseme kweli, kwamba ataisukuma kando na kutuombea dua. Mama aliifungua, akahesabu noti moja moja mbele yetu. Akasema hospitali na mganga wa mifupa vilimgharimu faranga elfu kumi na nane zaidi ya hizo, bila nauli. Akairudisha ile hesabu mara ya pili ili tusikie vizuri. Hatukuwa nazo mfukoni, tukaahidi kwa simu. Akaingia jikoni kutupakulia chakula.

Dhuhuri ilipoingia walitandika mikeka nyuma ya nyumba, kivulini. Mwanafunzi akatusogezea mahali pa imamu. Tukakataa, tukamshika bega, tukamtanguliza yeye. Akasita, kisha akasogea. Alitusalisha rakaa nne. Tulipokaa tahiyatu tulikiona kile kidole kimeinuliwa, kimepinda, kinaelekea ardhini hali ya kuwa kinashuhudia. Baada ya salamu kijana wetu akanong'ona kwa masikitiko: "Baba, si ulisema mbili?" Tukamwambia msafiri akimfuata mkazi anatimiza nne, hukumu inakwenda kwa imamu. Kisha tukasimama sisi wawili, tukakusanya Alasiri, rakaa mbili, naye akapata zawadi yake.

Baada ya chakula tulimuuliza mwanafunzi kama bado ana kitu kifuani. Alisema alifika juzuu ya saba, nyingine zimepotea, na hizo anazisoma akiwa na ng'ombe. Hatukumwomba asome. Aliyeomba ni kijana wetu, na wakaondoka pamoja kwenda birikani, mmoja na fimbo mwingine na kofia ngumu mkononi. Kutoka pale benchi tulisikia upepo tu.

Tuliondoka saa nane. Mama alitusindikiza mpaka getini. Alisema: "Mwanangu amesema lake. Mimi bado." Tukamwambia ni haki yake. Kilomita tano mbele, juu ya kilima ambacho simu inashika mtandao, tulisimamisha pikipiki tukatuma zile elfu kumi na nane na nauli juu yake. Simu ikalia kabla hatujawasha injini. "Zimefika," akasema. "Msalimie mkeo."

Jioni ile vilima vyote vilikuwa vya dhahabu upande mmoja na vyeusi upande wa pili, na kivuli chetu kilitutangulia ubavuni, kirefu, vichwa viwili. Kijana alikuwa kimya tena. Karibu na Gahini baridi ya ziwa ikatushika, tukasimama kuvaa makoti. Hapo ndipo alipouliza: "Baba, darasani bado kuna bakora?" Tukamjibu kwamba iko juu ya kabati. Asubuhi iliyofuata, kabla hata ya kuiosha pikipiki ya watu, aliivunja kwa goti, nasi tukamwacha avunje.

Sasa tunatimiza tulichoagizwa. Uongo ule tuliusema mlangoni mwa darasa, mbele ya wazazi, na ukweli tumeusema mlangoni hapo hapo, Jumamosi baada ya safari. Lakini wengi wa waliokuwa watoto siku ile wameshakua na kutawanyika, na baadhi yenu mnausoma ukurasa huu. Ninyi mliosoma nasi hapa Busanza mwaka 2015, mnamkumbuka mwenzenu mliyemwita Parachichi. Hakupanda mti wowote. Hakuanguka. Mwalimu wenu ndiye aliyemvunja kidole, na mwalimu wenu ndiye aliyesema uongo. Mwenye kutaka kumpigia simu, namba tunayo, naye ametukubalia tuwape.

Wabillahi tawfiiq.